Vikapu Vilivyosukwa Mezani

Popote alipokaa kusuka, Bi Kidawa alivua kwanza ndala ya kulia, hata mbele ya wageni. Ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa kikapu, aliubana kwa dole gumba la mguu, akauvuta mpaka ukakaza. Tabia hiyo hakuiacha kamwe.

Kampuni ya vikapu aliianzisha Fatema, binti wa mzee Qutbuddin mwenye duka la vitambaa Kilwa Kivinje. Alipeleka vikapu sita Dar es Salaam, vikaisha siku hiyohiyo. Mwaka wa tatu wasukaji walifika arobaini, na Bi Kidawa akawa mkaguzi wao. Mimi niliwaandikia barua za wateja jioni, nikitoka kufundisha.

Kisha ikaja oda ya vikapu mia tatu vya kwenda ng'ambo. Fatema akakodi ukumbi, akaweka meza na viti.

"Mwanangu," Bi Kidawa akamuuliza, "na mguu wangu nao utapanda mezani?"

"Mara hii tu, Bi Kidawa. Mnunuzi akija asitukute chini."

"Haya. Wenzangu, refusheni miguu!"

Wakacheka, wakakaa vitini.

Ukili ukatoka umelegea. Siku ya kufunga mzigo Bi Kidawa alitia tofali katika kikapu cha kwanza, akakinyanyua, kikafumuka. Cha pili vilevile. Fatema akamsihi avipitishe hivyohivyo, maana oda ikipotea na kampuni imekwisha. Wanawake wote walikuwa wakimtazama.

"Mmesuka nyie," Bi Kidawa akawaambia, "lakini atakayesema ni vizuri ni mimi. Siwezi."

Alivikataa mia na themanini. Mnunuzi hakungoja visukwe upya, na kabla ya mwaka kuisha ukumbi ukarudishwa kwa mwenyewe.

Nilidhani watanuniana. Lakini Fatema aliendelea kuweka vikapu viwili vitatu vya Bi Kidawa dukani kwa baba yake, naye Bi Kidawa akarudi kusuka barazani na majirani watano, wakicheka kuliko enzi za kampuni. Labda ni mimi tu niliyesikitika kila nilipopita pale ukumbini.

Mwaka jana nilihamishiwa Mtama. Nilipokwenda kumuaga Bi Kidawa, alinipa kikapu kipya. Nikamuuliza kama hajutii siku ile ya tofali. Alikipindua kikapu, akakipigapiga kitako.

"Kitie mihogo mpaka juu, mwalimu," akasema. "Na kikifumuka, usimwambie mtu ni cha nani. Nirudishie tu."