Matairi Mapana ya Swadiki

Swadiki wa Koboko si mtu mbaya. Nalisema mapema, maana mkishasikia aliyoyafanya mtataka kumrushia mawe. Ni dereva wa gari la kukodi, ana Vitz yake ya bluu, anapeleka watu Arua na kuwarudisha salama. Halewi, hapigi mke, na mgonjwa asiye na kitu humpeleka bure. Ugonjwa wake ni mmoja tu: anapenda kutazamwa. Hata gari akiliosha, ataliosha palepale penye watu wengi, shati amelikunja mabegani, na redio juu.

Matairi ya Vitz yalipobaki upara mtupu, alikwenda kununua mengine Arua, kwa Obitre. Obitre ameuza matairi tangu enzi za magari ya jeshi, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Ndugu yangu, gari yako iko dogo, lakini njia zako iko mingi," alimwambia. "Chukua hii. Iko ya jua, iko ya mvua, mwaka muzima hutoi. Angalia mifereji yake, maji inapita, matope inapita. Angalia na hii herufi, M na S. Maana yake matope na theluji. Theluji sisi hatuna, lakini matope? Tuko nayo mpaka ya kuuza!"

Swadiki aliyatazama. Matairi membamba, meusi, yana sura ya kazi. Kisha macho yakampotea hadi mlangoni, ambako yalining'inia mengine manne, mapana, yanang'aa, na maandishi meupe ubavuni.

"Na yale?"

"Ile ya lami kavu. Ya mutu anatembea mujini jioni. Ukienda nayo Lobule wakati ya mvua, utacheza dansi peke yako."

Bei ilikuwa ile ile, kwa hiyo asije mtu akamsingizia umaskini. Jumamosi ilikuwa harusi ya rafiki yake Yasiri, na Vitz ya bluu ndiyo ilipangwa kubeba bibi harusi, mbele ya msafara wote. Swadiki aliona tayari vijana wakiinama kutazama magurudumu. Akaonyesha kidole mlangoni. Obitre akatikisa kichwa, akachukua jeki.

Nyumbani mkewe, Shamira, alizunguka gari. "Mbona yamevimba hivi? Obitre amesemaje?"

"Amesema haya ndiyo yenyewe."

Uongo mdogo, ukatoka laini kama mate. Jumamosi watu wakashangilia, picha zikapigwa, na mtu akapata alichokitaka. Ingeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Sasa kuna Mama Madina, mama yake Shamira, mjane anayekaa Lobule. Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hamtazami usoni, hali naye, hamsemeshi. Akiwa na neno, atalipitisha kwa Shamira, hata wakiwa ua mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Gari la Swadiki hakuwahi kulipanda tangu binti yake aolewe. Safari zake alipanda bodaboda, akaumia mgongo, akanyamaza.

Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Wajukuu aliwajua kwa kuwapapasa vichwa. Mwezi ule zikaja habari kwamba madaktari wa macho watakuwa Arua kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wapasue bure, kisha waondoke. Kurudi kwao Mungu ndiye ajuaye. Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ikapiga Lobule hadi asubuhi. Wa bodaboda wote wakakataa kutoka.

"Mama, panda gari la Swadiki," Shamira alimsihi; yeye na mumewe walikuwa wamefika jana yake, kabla ya mvua. "Ni shida, si dharau. Mungu anaona."

Mama Madina aliguna sana. Mwisho akajifunika leso usoni, akaongozwa mpaka kiti cha nyuma, akajibana mlangoni, mbali kadiri Vitz inavyoruhusu, na Vitz hairuhusu mbali. Kabla ya kuondoka akamgusa binti yake begani. "Muulize mume wako, njia ina matope. Tairi zake nzima?"

"Mwambie ni mpya kabisa," alisema Swadiki, macho mbele.

Na zilikuwa mpya, hakudanganya. Lakini moyo wake ulijua, naye akawasha redio.

Kwenye mteremko wa pili, kabla ya kufika kwenye barabara nzuri ya murram, gari likaacha kumsikiliza. Alikata kulia, likaenda kushoto. Alikanyaga breki, likazidi kuteleza ubavu-ubavu, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayekwenda kuketi, likaketi mtaroni. Shamira akapiga kelele. Mama Madina alirushwa mlangoni, mkono ukagonga chuma, ukavimba palepale.

Watu wa mashambani wakaja na kamba, wakavuta. Swadiki akawa anazunguka tu, matope mpaka magotini. "Mama hajaumia? Jamani, muulizeni mama!"

Mama Madina alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameushika mkono wake. "Msimlaumu mtoto wa watu," aliwaambia waliomzunguka. "Kosa langu. Macho yamenifanya nikasahau adabu, nikakaa pumzi kwa pumzi na mume wa binti yangu. Mungu amenikumbusha." Akataka fimbo yake. Akarudi kwao kwa miguu, ameshikwa na Shamira, aliyebaki huko kumuuguza, na Arua akaikataa. Kesho yake akaanza kufunga swaumu, akanuia siku saba, kuomba msamaha kwa kuvunja heshima ile.

Hapo ndipo Swadiki angesema. Neno moja tu, matairi, lingetosha. Badala yake alifanya nini? Alikimbilia kwa Obitre. Obitre aliyaona matope, akaona taa iliyovunjika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Akayatoa yale mapana, akafunga yale membamba yenye mifereji. Swadiki akarudi akijiambia, basi, yamekwisha, nimerekebisha. Jumatano akaenda Lobule, akasimama mbali na mlango. "Shamira, mwambie mama nimebadilisha matairi. Haya hayatelezi. Twende."

Sauti ya Mama Madina ikatoka ndani, nyembamba kwa njaa. "Mwambie asante. Mwambie tairi hazikuwa na kosa. Sipandi."

Lo! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huyu alimchoma mwingine, na pole akaambiwa yeye. Kila jirani aliyepita alimwambia, pole Swadiki, mama mkwe kakuletea nuksi. Naye aliitikia, "Ahsante." Aliitikia! Usiku alilala akiutazama ukuta. Akilini alimwona yule mama kipofu akiamka alfajiri, akinywa maji, akianza kushinda na njaa na mkono umevimba, akimwomba Mungu kwa ajili ya kosa ambalo yeye Swadiki alilichagua kwa kidole. Na Ijumaa inakuja. Roho ilimsuta mpaka chakula kikawa majani mdomoni.

Alhamisi adhuhuri alikwenda tena. Shamira alikuwa uani anapepeta mtama, mama yake ameketi nyuma ya mlango, mkono umefungwa kitambaa.

"Shamira," alisema, "mwambie mama haikuwa nuksi. Obitre aliniambia yale matairi si ya matope. Aliniambia wazi, mbele ya watu. Nikayachukua ili yapendeze kwenye harusi. Mwambie."

Ungo wa Shamira ukasimama. Alimtazama mumewe kwa muda, kama anamtafuta mtu aliyemwoa. "Kwangu ulisema Obitre ndiye aliyeyachagua."

"Nilisema."

"Na siku zote hizi unamwona mama anafunga."

"Ninamwona."

"Basi maneno hayo siyabebi. Mimi nimekubebea mengi katika ua huu. Hayo mwambie mwenyewe."

Swadiki hakuwahi kumsemesha mama mkwe wake. Alipiga magoti mavumbini, akageuza uso upande asimtazame, akasema. Alisema vibaya, maneno yakigongana, akirudia rudia. Kwamba ni yeye. Kwamba si heshima iliyowaangusha, ni majivuno yake. Kwamba aliogopa, na kila siku iliyopita ilimfanya aogope zaidi. Kwamba Mungu hana ugomvi na mama. Kisha akaishiwa, akabaki anafuta pua kwa mkono wa shati.

Kuku akapita, akadonoa mtama uliomwagika, hakuna aliyemfukuza.

"Shamira," Mama Madina alisema mwishowe.

"Abee, mama."

"Mwambie mume wako, mimi nimekaa na njaa nikidhani naomba msamaha wa dhambi yangu. Kumbe nilikuwa nafunga ya kwake." Akakohoa. "Sasa niletee uji. Na mwambie siku zilizobaki afunge mwenyewe. Aanze kesho."

"Nimesikia, mama," alisema Swadiki, kwa sauti ndogo.

"Shamira, mwambie sikuwa nasema naye."

Ijumaa walitoka mapema. Mvua ilikuwa imenyesha tena, na mteremko ulikuwa telezi kama sabuni, lakini yale matairi membamba yaliyashika matope, yakapita. Hakuna aliyeyasifu. Walipita Koboko, wakaingia lami. Shamira alikaa nyuma na mama yake na hakusema na mumewe hata neno moja. Walipofika Ombaci, Arua ikiwa inaonekana, mkono wenye kitambaa ukamgusa Shamira begani.

"Muulize mume wako, leo amekula?"

"Mama anauliza umekula?"

"Mwambie sijala."

Mama Madina alivuta leso, akaegemea kiti. "Vizuri," alisema. "Mwambie na mimi niliumwa tumbo sana siku ya kwanza ya kufunga."