Kadi Isiyo na Mwenyewe

Shemeji yangu, mke wa kaka, ana sanduku la viatu ambalo halijakaa viatu tangu alipolileta nyumbani. Ndani mna kadi mia nne na ushee, zimesimama wima, zimetenganishwa kwa vipande vya boksi la dawa ya meno. Ofisini tulimbandika jina la Bi Kwanini, na wala si kwa mapenzi. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Yeye kazi yake ni kujua watu wanahitaji nini kabla mimi sijaanza kuandika. Tulikaa chumba kimoja miaka sita, meza zikitazamana, na sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila yeye kunipandisha hasira.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila hitaji la mfumo lina kadi yake, na kila kadi ina mistari mitatu. Wa kwanza: nani anayelihitaji. Wa pili: leo hii anafanyaje. Wa tatu: likikosekana, nani ataumia. Meneja akija na maneno yake ya "tunataka mfumo wa kisasa," shemeji anachomoa kadi tupu na kufungua kalamu.

"Nani anayetaka?"

"Sote."

"Sote ndiyo nani? Nipe mmoja nikaongee naye."

Nimeona wakubwa na tai zao wakitokwa jasho mbele ya kikadi hicho. Kadi iliyokosa jibu la mstari wa kwanza haikuingia sandukuni. Ilitupwa kwenye bahasha kuukuu ya kaki aliyoiandika juu kwa kalamu nyekundu: Yatima. Kilichoingia kwenye bahasha hiyo sikukiandikia programu, na nakiri kwamba bahasha yenyewe niliipenda sana. Ilinipunguzia kazi.

Hakuanzia kwenye kompyuta. Alianza kama mpiga chapa wa chuo, akichapa barua za watu ambao walikuwa hawajajua wanachotaka kusema, na anadai huko ndiko alikojifunzia kuuliza. Alisoma masomo ya jioni huku ananyonyesha, akapanda ngazi moja moja, na alipofika miaka arobaini na saba akajiandikisha kusomea uzamivu. Kaka alicheka, halafu akaona anacheka peke yake.

Aliyemuunga mkono ni mama yetu, yaani mama mkwe wake. "Nenda kasome," alimwambia. "Watoto niachie mimi." Akahamia kwao na mkoba mmoja na redio yake. Mama aliishia darasa la nne, na moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, miguu inavimba jioni. Lakini alikuwa na jambo moja alilolitaka na hakumficha mtu: kumwona mkwewe ndani ya joho. Aliwaambia majirani, akamwambia fundi bomba, akamwambia hata daktari aliyekuwa anampima presha. "Wewe nipe dawa za kunifikisha siku ya joho," alimwambia. "Baada ya hapo tutaongea."

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Alichukua hospitali mbili za ukubwa mmoja, zote zikitaka kuingiza masjala yao kwenye kompyuta. Katika hospitali ya kwanza mahitaji yalikusanywa kama ilivyozoeleka: wakuu wa idara wakaitwa kwenye ukumbi wa mikutano, wakanywa chai, wakasema wanachotaka, tukaandika. Katika ya pili hakuita mkutano. Alienda kukaa masjala wiki tatu, kwenye kigoda, kati ya rafu na rafu, akitazama mikono ya karani. Kisha nikaandika mifumo yote miwili, na baada ya miezi mitatu ya matumizi tukahesabu malalamiko yaliyoandikwa kwenye daftari: ni mahitaji mangapi tuliyasahau?

Ya kwanza, kumi na tisa. Ya pili, sifuri. Profesa aliyekuwa anamsimamia alisema hajawahi kuona tofauti ya namna hiyo. Tarehe ya kutetea tasnifu ikapangwa, na mama akaanza kunyoosha gauni la kuvaa siku hiyo, wakati zilikuwa zimebaki wiki mbili nzima.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, nilitumwa hospitali ya pili kubadilisha printa. Niliinama nyuma ya kaunta nikihangaika na waya, na karani alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Huyu karani alikuwa mama mtu mzima, amefanya kazi masjala miaka kumi na tisa. Dirisha lake ndilo watu wanalokuja kuulizia mgonjwa wao yuko wodi gani. Nilikuwa nimeweka skrini mbili pale, moja kwake na moja inayomtazama anayeuliza, ili ahakikishe jina limeandikwa sawasawa. Hilo lilikuwa wazo la katibu wa hospitali, na nililiona zuri.

Akaja mwanaume na mfuko wa nguo safi. Akataja jina la mkewe na kusema jana alikuwa wodi namba tatu, ila leo amekuta kitanda kina mtu mwingine. Karani akaandika namba na kubonyeza. Skrini zote mbili zikawaka pamoja.

FAILI LIMEFUNGWA. SABABU: KIFO.

Maneno hayo niliyaandika mimi. Niliyaandika kwa dakika mbili, asubuhi moja, nikisubiri maji yachemke. Yule mwanaume aliyasoma, akayarudia kusoma, halafu akamuuliza karani, kwa adabu kabisa, kama faili likifungwa linaweza kufunguliwa tena. Nilibaki nimechuchumaa na waya mkononi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na sikuwa na ujasiri hata wa kusimama.

Karani alikwishatoka. Alipita mlango wa pembeni, akamshika yule bwana mkono, akamwingiza chumba cha nyuma. Aliporudi alikuwa na macho mekundu, na alinikaripia mimi.

"Zamani nilikuwa nageuza," alisema.

"Unageuza nini, mama?"

"Faili. Wodini wakiniletea taarifa ya msiba, naligeuza faili rafuni, mgongo unatazama ukuta. Mtu akiuliza, nikifika rafuni nikaona limegeuka, silileti dirishani. Nazunguka nje, namkalisha kwanza, namwita muuguzi. Haya, mashine yako nitaigeuzaje?"

Nilimwambia shemeji jioni ile ile. Alienda kabatini, akatoa ile bahasha ya Yatima, akazimwaga kadi mezani na kuzipekua hadi akaipata. Mstari wa pili ulikuwa umejazwa kwa mwandiko wake mzuri: "Karani hugeuza baadhi ya mafaili yakatazama ukuta." Wa kwanza na wa tatu ilikuwa mitupu.

"Nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza kwa nini anayageuza. Akasema ni mazoea tu. Nikamuuliza nani anataka yageuzwe, akasema hakuna."

Kesho yake alienda masjala mwenyewe. Karani hakumzungusha. Siku ile alipoulizwa, katibu wa hospitali alikuwa amesimama nyuma yao, na kanuni za hospitali zilikuwa wazi: karani haachi dirisha. Angesema ukweli, angekuwa amejishtaki mwenyewe kwa makosa ya miaka kumi na tisa.

"Ungerudi siku nyingine bila yule katibu," karani alimwambia, "ningekwambia."

Shemeji hakurudi siku nyingine kwa sababu kadi isiyo na mwenyewe haikuwa kadi. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na aliwafundisha watu kwa miaka.

Sasa ngoja nieleze kilichokuwa kinamkaba. Yule mwanaume hakulalamika. Hakuandika chochote kwenye daftari. Alimzika mkewe akaendelea na maisha yake. Kwa hesabu ya utafiti, sifuri ilikuwa bado sifuri. Tuliojua ni watatu, na wawili hatukuulizwa na mtu. Mimi nilimshauri anyamaze, atetee tasnifu yake, arekebishe mfumo kimyakimya baadaye. Nilimshauri hivyo kwa sababu ya mama, ambaye wiki hiyo alikuwa analala amekaa, kwa kukosa pumzi.

Hata profesa alikuwa upande wangu. "Ulipanga kuhesabu malalamiko yaliyoandikwa daftarini," alimwambia. "Hilo halimo daftarini. Tatizo liko wapi?"

"Liko dirishani, Profesa."

Akaomba tarehe iahirishwe. Akaifungua bahasha yote ya Yatima, kadi sitini na mbili, aanze upya kufuatilia moja moja kwa kurudi kwa wahusika wakati mabosi hawapo. Profesa alikadiria miezi minane. Kaka alipiga kelele nyumba nzima ikasikia, akasema mtu na akili zake hawezi kujichongea namna hiyo. Kumwambia mama lilikuwa jambo jingine. Shemeji alimkuta jikoni akichambua mchele, akakaa naye, akamweleza yote bila kupunguza. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Huyo baba aliambiwa na mashine?" mama aliuliza.

"Alisoma mwenyewe, mama. Amesimama."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikiona. Sikukielewa, na sikukifuatilia."

Mama alitoa kijiwe kwenye ungo, akakiweka pembeni. "Basi kaelewe kwanza, mwanangu. Joho litakuwepo."

Shemeji alipotoka, mama aliniita karibu. "Miezi minane ni mingi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Si mingi, mama," nikasema. Ilikuwa mingi, na wote wawili tulijua hivyo.

Marekebisho ya dirisha tuliyafanya mwezi uleule. Katibu wa hospitali alipoelezwa alinywea, akatia saini kanuni mpya: karani aweza kuacha dirisha kwa ajili hiyo, na chumba cha nyuma kiwekwe viti. Upande wa programu, faili la namna ile likiitwa, skrini ya karani inaonyesha taarifa, na skrini ya anayeuliza inaonyesha maneno matatu tu: Tafadhali subiri kidogo. Maneno hayo aliyachagua shemeji. Mimi nikapendekeza tuyatumie pia mtandao ukiwa mzito, maana nilikuwa nimeshayaandika.

"Hapana," alisema. "Mtandao ukiwa mzito, andika mtandao ni mzito. Haya ni ya jambo moja tu."

Nikalalamika kama kawaida yangu, nikafanya alivyotaka.

Mwezi wa saba wa ile minane, mama alilazwa. Alilazwa hospitali hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na nyumbani. Kaka alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo tuliomhudumia ni mimi na shemeji. Jioni ya tatu tulimwacha akiwa na nafuu, anamsimulia muuguzi habari za joho, na wamemwambia huenda wakamhamishia wodi yenye mashine ya oksijeni. Asubuhi tukaja na chupa ya supu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Tukadhani amehamishwa, tukashuka ngazi hadi dirishani kuulizia wodi mpya.

Shemeji akataja jina. Karani alikuwa ameinamia kibodi, akaandika, akabonyeza. Mbele yetu ikatokea: Tafadhali subiri kidogo.

Mtu mwingine yeyote angesubiri. Katika watu wote waliopata kusimama dirishani pale, ni sisi wawili tu tuliojua skrini ile imesema nini. Chupa ya supu ilikuwa mkononi mwangu, nikaishika kwa mikono miwili. Shemeji alitazama mbele tu. Halafu nikasikia mlango wa pembeni ukifunguka, na karani akawa kati yetu, ametushika kila mmoja mkono.

"Njooni mkae, wanangu," alisema. "Njooni kwanza mkae."

Tulikaa. Viti vilikuwa vya mbao, vya kawaida, na kimoja kilikuwa na mguu unaocheza. Muuguzi alikuja akatueleza vizuri, saa ngapi, na nani alikuwa naye, na kwamba hakuhangaika. Shemeji alilia kwa sauti akiwa ameegemea bega la karani, na mimi nikalia nikiwa nimekumbatia ile chupa. Nilijua tangu dirishani, lakini hadi leo nashukuru kwamba nilipoambiwa na binadamu nilikuwa nimeketi.

Wiki tano baada ya mazishi alitetea tasnifu. Kaka alivaa suti, na kwenye kiti kilichokuwa kando yake aliweka redio ya mama, hakuna aliyemuuliza. Tasnifu yenyewe haikuwa na sifuri tena. Ilisema njia ya pili ilisahau mahitaji manne, na yote manne yalikuwa ndani ya ile bahasha. Kadi ya masjala ilikuwa imepigwa picha na kuwekwa ukurasa mzima, imejazwa mistari yote mitatu.

Mtahini mmoja, mtu mkavu, alivaa miwani yake akaisoma kadi ile kwa muda. "Hapa kwenye mstari wa kwanza," alisema, "penye nani anayelihitaji. Umeandika neno 'mimi'. Mtafiti hawezi kuwa mwenye hitaji katika utafiti wake mwenyewe. Hili ni kosa la uchapaji?"

"Si kosa," shemeji akajibu. "Nilikwenda dirishani kumuulizia mama mkwe wangu."

Mtahini alivua miwani, akafunua ukurasa unaofuata.