Dawa ya Zimwi la Mwisho

Harufu ya mkonge uliosagwa haifanani na harufu nyingine yoyote, na aliyekulia karibu na korona, yaani kile kiwanda cha kukamulia majani ya mkonge, haisahau hata akienda kuishi ng'ambo. Ni harufu ya kitu kibichi kilichoanza kuoza kabla ya kukauka, chachu kama togwa iliyosahauliwa chunguni. Nguo zilizoanikwa ziliibeba, uji wa asubuhi uliibeba, na siku ya Jumapili iliketi nasi kanisani kama muumini mwenzetu, ila yenyewe haikutoa sadaka. Wakati wa masika ilizidi, kwa sababu mvua iliyatibua mabaki yaliyorundikwa nyuma ya kiwanda, na maji ya rangi ya chai yakapita mbele ya nyumba za wafanyakazi yakielekea bondeni. Nikitaka kuukumbuka mwaka niliokuwa darasa la nne, katikati ya miaka ile ya hamsini, siukumbuki kwa kalenda. Hunijia puani kwanza.

Baba yangu alikuwa karani katika shamba hilo, upande wa Pongwe. Yeye na mama walikuwa wameteremka kutoka milima ya Usambara wakiwa na Biblia moja na masufuria matatu, nasi tukazaliwa huku chini kwenye joto: mimi, kisha baada ya miaka mitatu mdogo wangu Yona. Kwa kuwa baba alikuwa karani, nyumba yetu ilikuwa na baraza ya saruji, na kwa kuwa baraza ilikuwa ya saruji, watoto walikusanyika kwetu mvua iliponyesha. Miongoni mwao alikuwa Rajabu, mtoto wa Kidigo wa miaka kumi na mitatu, ambaye baba yake alikuwa fundi wa mitambo pale korona. Rajabu alikuwa amelelewa na bibi yake, na bibi alikuwa amemjaza hadithi za mazimwi hadi zikawa zinamwagika. Siku moja, mvua ikiwa imetufungia tangu alfajiri, alisema amechoka kusimulia watu waliokwisha kufa zamani. "Leo tunaingia wenyewe," alisema. "Mimi nitakuwa nchi yote na mazimwi yake. Nyie mtakuwa nyie, lakini mkiwa na mikuki."

Ndivyo mchezo ulivyoanza. Rajabu alichora kwa mkaa njia ndefu sakafuni, kutoka kijijini hadi pango la zimwi la mwisho, na katikati akaweka mito, misitu na mazimwi madogo ya kutusumbua. Kila mmoja wetu alipewa punje kumi za mahindi, nazo zilikuwa uhai wake. Ulipotaka kupiga, ulirusha simbi nne, yale makombe madogo ya baharini, na kila iliyoanguka mdomo juu ilikuwa pigo lako. Zimwi nalo lilirushiwa simbi, na likikupata ulitoa punje. Mahindi yalikuwa ya kukaanga, na punje iliyotoka Rajabu aliitia kinywani akaitafuna taratibu huku akikutazama. Sijawahi kuona zimwi lililoaminika kama lile. Kufikia adhuhuri lilikuwa limeshiba.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana, nilifanywa mganga. Nilinuna kidogo, kisha nikagundua kwamba mganga ndiye mwenye amri. Njia za kuponya zilikuwa nne. Kulikuwa na mzee wa mlimani, aliyekurudishia punje zote kumi lakini akakutoza ng'ombe, na ng'ombe tuliyemteka alikuwa mmoja tu. Kulikuwa na majani ya porini, yaliyorudisha punje mbili kwa kila konzi. Kulikuwa na kulala, ambako hakukugharimu kitu: ulikaa zamu tatu bila kucheza, ukapata punje moja. Na kulikuwa na maji ya uzima, chupa moja isiyo na ya pili, ambayo ingemwinua hata aliyekwisha kulazwa chini. Watoto wengine waliliona jambo hili kama huruma. Mimi nililiona kama tatizo la matumizi, na nikalitatua. Niligundua kwamba mtu mwenye punje moja alirusha simbi nne sawasawa na mwenye punje kumi. Jeraha halikumpunguzia nguvu, lilimsogeza tu karibu na kaburi. Kwa hiyo kumtibu mtu kabla hajafika punje ya mwisho kulikuwa ni kutupa dawa. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu nasoma uchumi, mhadhiri alitueleza jambo linalokaribiana sana na hilo na darasa zima likaandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimekwisha kulipa karo ya somo lile.

"Haya, mganga," Rajabu alikuwa akisema, "Yona amebaki na tatu. Humtibu?"

"Bado anapigana."

"Akifa utamrithi nini, kaptura?"

"Akifika moja nitamtibu."

"Wallahi, mganga bahili kama huyu hata bibi hajanihadithia."

Wote walicheka, na Yona alicheka kuliko wote. Alikuwa na miaka saba na aliniamini kama watu wanavyoiamini ngazi ya nyumba yao. Alianza kujivunia ule upungufu. Alisimama katikati ya baraza na kidari chake chembamba mbele, akapaza sauti: "Nina moja na bado nimesimama!" Tulishinda vita vingi kwa njia hiyo. Ng'ombe wetu alinenepa, majani yetu yakajaa, na chupa yetu haikuguswa.

Chupa yenyewe ilikuwa ya kweli. Rajabu alitaka maji ya uzima yaonekane, nami nikaenda kwenye kabati la mama nikatwaa kichupa cha ayodini kilichobakia robo, ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo mama alitupaka tukijikwaa. Nilijiambia nimeazima. Nilikificha ndani ya kopo tupu la chai, chini ya kitanda, na kila siku mchezo ulipoanza nilikitoa kwa heshima, na ulipokwisha nikakirudisha. Shuleni tulikuwa tumeandikishwa methali kwa hati nzuri, na mimi nilikuwa na hati nzuri kuliko wote. Niliandika "Usipoziba ufa utajenga ukuta" mara kumi bila kosa. Lakini niliyokwenda nayo nyumbani ilikuwa "Akiba haiozi."

Vita vya zimwi la mwisho vilipangwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki ile Yona, akitaka mkuki unaostahili, aliingia shambani kutafuta mlingoti mkavu wa mkonge, ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mmea. Mama alikuwa ametukataza kuingia humo kwa sababu ya nyoka. Wakataji walikuwa na desturi ya kuikata ile miiba migumu iliyo kwenye ncha za majani na kuiacha hapohapo chini, na Yona, peku kama sisi sote, aliukanyaga mmoja ukazama chini ya dole gumba. Aliung'oa mwenyewe. Ncha ilibaki ndani. Hakwenda kwa mama, alikuja kwangu nyuma ya jiko, akichechemea.

"Dada, niponye. Ya kweli."

Sasa ninaweza kusema nilichopaswa kumwambia. Nilichomwambia ni hiki: "Una punje ngapi?"

Aliutazama mguu wake, akafikiri kwa uaminifu kama mtu anayeungama. "Nane."

"Nane! Mwenye nane hachechemei."

Akaacha kuchechemea.

Nilimtafunia majani machanga ya mpera, nikayabandika na kumfunga kitambaa, nikamwambia alale, kwa kuwa kulala ni bure. Tulikubaliana mama asijue, maana angejua habari ya shamba, na baraza ingefungwa kabla ya Jumamosi. Tena kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, kulikuwa na sindano, na hatukuwa na haja ya sindano wakati tulikuwa na mganga. Jumanne aliniambia sita. Jumatano aliniambia tano, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ile chupa ingefaa. Nilimwambia ile ni ya zimwi la mwisho. Alitikisa kichwa kukubali, kama askari. Siku hiyohiyo alipata mtoki, uvimbe mgumu kwenye kinena, akawa anatembea mguu mmoja ukiwa nje kama bata, na mama alipomuuliza alisema anamwigiza Rajabu akiwa zimwi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mdogo mwenye kipaji cha kuficha kama wangu.

Ijumaa, mama akiwa amekwenda kwenye maombi ya akina mama, nilimkuta kitandani amejifunika gubigubi na meno yanagongana. Nilimuuliza ngapi. "Nne," alisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba anadanganya, na nikajua kwa nini. Yona alizijua kanuni zangu. Alijua kwamba akitaja moja nitalazimika kuitumia chupa, naye alitaka ibaki kwa ajili ya vita. Nilifunua mguu. Ulikuwa unang'aa kama bilinganya. Niliingia uvunguni, nikafungua kopo, nikamimina ayodini yote mpaka tone la mwisho, ikatiririka pembeni ikatia shuka rangi. Dawa ile ilikuwa ikitufanya tuyaume mashati tulipopakwa. Yona hakulia. Kutolia kwake ndiko kulikonitisha.

Nilimfunga mgongoni kwa kanga ya mama, ingawa miguu yake ilikaribia kugusa chini, nikamchukua kwenye mvua kufuata reli ya toroli hadi zahanati ya shamba. Dresa alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na benchi lake lilikuwa limejaa manamba, wale vibarua waliotoka mbali kwa mkataba, wakikohoa. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba huku amekwisha kuushika mguu.

"Kachomwa lini huyu?"

"Jana," alisema Yona, upesi.

Dresa aliinua macho akanitazama mimi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeulizwa maswali na watahini, na mapadri na mahakimu, na sijaulizwa swali jingine lililokuwa wazi kama yale macho. Siku tano ndilo lilikuwa jibu. Lakini baada ya siku tano lingekuja swali jingine, la nini nilikuwa nikifanya siku zote hizo. Nilitazama sufuria ya kuchemshia sindano. "Jana," nikasema. Basi alitibu jeraha la jana: alisafisha, akafunga, akatoa vidonge, akasema turudi Jumatatu. Mama aliporudi naye tulimwambia jana, na rangi ya kwenye shuka tukasema ni dawa ya dresa.

Hatukufika Jumatatu. Jumapili Yona alianza kuongea na watu wasiokuwapo, na baba akampeleka Tanga mjini kwa lori la shamba, akimpakata mbele kwa dereva. Mama alibaki akipekua kabati. "Nilikuwa na ayodini hapa," alisema, akiinua kitu kimoja kimoja na kukirudisha. "Nilikuwa nayo." Kisha akaketi kitandani akasema labda aliimaliza bila kujua. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Yona alirudi baada ya wiki nne, bila dole gumba na kidole cha pili, na mguu umekonda kama mlingoti. Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba angeletwa mapema kidogo tu, vidole vingepona. Baba aliyarudia maneno hayo mezani bila kumlaumu mtu, na mama akayachukua yote kuwa yake. Aliyabeba hadi uzee wake. Ilimpasa mama mwema kuuona mguu wa mwanawe, alikuwa akisema, na kila aliposema hivyo nilikuwapo, darasa la nane, kisha sekondari, kisha nimerudi likizo na vitabu vyangu vya chuo kikuu. Alizikwa akiamini hivyo. Rajabu alikuja kumjulia hali Yona mara moja, akasimama mlangoni akichezea kofia yake. Alisema vita vimekwisha, zimwi amekutana nalo njiani akaliua mwenyewe. Yona alimuuliza lilikuwa na punje ngapi. Rajabu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alivaa kofia yake akaaga.

Leo shamba lile limekuwa pori na reli za toroli zimeuzwa kama chuma chakavu. Mimi naishi Mabawa, hapa Tanga mjini, ambako kutoka mlangoni kwangu naweza kutembea hadi duka la dawa kabla chai haijapoa, na watoto wa jirani wakikwaruzwa wanabandikwa plasta zenye picha. Sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zamani kulikuwa na robo ya kichupa. Lakini naona kwamba wingi wa dawa haukututibu ile tabia. Bado tunangoja. Rafiki zangu wasomi wanajua majina ya Kilatini ya magonjwa yao na bado wanasubiri mwisho wa mwezi, mwisho wa mavuno, mwisho wa harusi ya binti. Nami nilikuwa na shinikizo la damu mwaka mzima kabla sijakubali kupimwa, kwa hiyo sina mimbari ya kusimamia.

Mwezi uliopita Yona alikuja kutoka Muheza, ambako ana michungwa na wajukuu. Nilimwona akipanda ngazi zangu tatu kwa kupumzika mara mbili. Mkewe alikuwa amenipigia simu kabla. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu za udada, tukaketi kwenye benchi, na nesi, binti mdogo mwenye kalamu, akamuuliza kifua kinamuuma tangu lini.

"Aa, siku mbili hivi, mwanangu," alisema Yona kwa tabasamu. "Uzee tu."

Nesi alianza kuandika.

"Miezi mitatu," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na benchi zima likageuka. "Miezi mitatu, nesi. Usiku halali chali. Anadanganya."

Nesi alinitazama, akamtazama yeye, akakata alichoandika akaandika upya. Kisha akainuka upesi kumwita daktari, kwa mwendo ambao haukunipendeza hata kidogo. Yona alivuta pumzi akaninyooshea kidole mbele ya wagonjwa wote.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Dada yangu. Mchongezi tangu utotoni."

Watu walicheka. Nilimshika mkono nikauacha wangu hapo juu ya wake, na sikumsahihisha, ingawa katika sifa zote nilizopewa maishani hakuna ambayo ningetamani zaidi iwe ya kweli.