Kope za Mama Vitunguu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maabara ya shule bado ina ubaridi wa usiku. Mama Vitunguu hawashi taa. Amevua viatu mlangoni, anatembea kwa soksi mpaka dirishani, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto.

Pale dirishani zimepangwa chupa za maji, na juu ya mdomo wa kila chupa kimekaa kitunguu. Vimekaa kama watu wazima ukingoni mwa beseni, miguu majini.

"Mmeamkaje?" anavisalimia.

Mizizi imeongezeka. Jana jioni ilikuwa fupi kama ukucha, leo inaning'inia ndani ya maji, myeupe, imelegea, kama nyuzi zilizochomoka kwenye pindo la gauni.

"Ungekaa hapa usiku kucha usingesikia hata tuk," anasema. "Lakini asubuhi unakuta wamefanya kazi."

Mama huyu ni mfagiaji wa shule. Mshahara wake ni wa ufagio. Kazi hii ya vitunguu aliachiwa na mzee mmoja aliyestaafu, na hakuna aliyewahi kuiandika kwenye malipo. Anachopata ni ruhusa ya kwenda nyumbani na vitunguu mizizi ikishakatwa.

"Kwangu tumekula sayansi miaka kumi na tisa," anasema, na anacheka kwa pua.

Anachukua wembe. Mizizi inakatwa asubuhi, kwa sababu ndipo seli nyingi zinakuwa kwenye kugawanyika. Ukichelewa, nyingi unazikuta zimetulia.

"Ni kama mafundi wa ujenzi. Ukitaka kuwaona wanafanya kazi, nenda asubuhi."

Anachotaka ni ile ncha tu, kipande kidogo kama punje ya mchele, kwa sababu mzizi unakulia nchani. Anazitumbukiza kwenye mchanganyiko wa spiriti na asidi, unaonukia kama siki. Anaziacha humo saa nzima. Anazipasha kidogo kwenye asidi nyepesi zilainike, anazipaka rangi nyekundu, anaweka moja moja juu ya kioo, anafunika na kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu chenyewe. Halafu anabonyeza kwa dole gumba. Ukizidisha nguvu kioo kinapasuka. Ukibonyeza kiuoga, seli zinabaki zimelundikana na wanafunzi hawaoni kitu.

"Seli," anasema. "Neno hili limenitesa. Mama mkwe alisikia nafanya kazi ya seli, akaja mbio kutoka kwake kuuliza nani kafungwa. Nikamwambia mama, hii ya kwangu haina nondo. Akasema, sasa wafungwa hawatoroki?"

Leo hacheki sana, kwa sababu mezani kuna boksi jipya. Ndani yake mna vioo vilivyotengenezwa tayari kiwandani, safi, vimepangwa kama biskuti. Kuanzia muhula ujao wanafunzi watatazama hivyo. Vitunguu vya leo ni vya mwisho.

Kazi ya kufagia anabaki nayo. Kinachomkosesha raha ni kitu kingine, na anakisema akiwa ameangalia dirishani.

"Seli zenyewe sijawahi kuziona."

Miaka yote hiyo. Wanafunzi wakiingia, yeye anatoka na ndoo yake. Wakimaliza, anavikusanya vioo anaviosha. Hakuna aliyemkataza kuangalia. Hakuna aliyemwambia aangalie pia.

Mara moja, zamani, aliiba jicho. Maabara ilikuwa tupu, akainama kwenye hadubini, jicho likagusa kabisa kile kioo cha juu. Akaona vitu vyeusi vimepinda, vinakuja vinaondoka, vinakuja vinaondoka.

"Moyo ulinipiga. Nikasema, kumbe ndizo hizi. Na zina haraka."

Siku ile alifika nyumbani anapaa. Alimweleza mumewe, alimweleza jirani, alimweleza kitinda mimba wake ambaye wakati huo alikuwa bado anasoma.

Kitinda mimba sasa ni fundi wa kushona, ana mdomo wake. Siku hizi hadithi ikisimuliwa nyumbani, anaipokea hapo hapo.

"Mtihani ukaja, chora seli ikigawanyika. Nikachora alivyonifundisha huyu mama yenu. Mwalimu akaniuliza, binti, hizi ni nyusi au ni funza? Nikapata yai."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambiaje, na ulikuwa na furaha vile?"

Binti alimwambia mwaka huu tu, siku walipokuwa wanamenya vitunguu: Mama, zile zilikuwa kope zako. Mtu akisogeza jicho karibu sana anaona kope zake mwenyewe. Mama Vitunguu aliendelea kumenya, akawa anafuta machozi na kusema ni vitunguu.

Tangu hapo ameogopa kuomba. Ataombaje kuona kitu ambacho amekuwa akikisimulia miaka yote?

Kipindi cha mwisho kinaisha. Wanafunzi wanatoka na kelele zao, mlango unafungwa, maabara inabaki na mwanga wa dirishani na vumbi linaloelea. Mwalimu wa biolojia, dada wa umri mdogo mwenye sauti ya taratibu, anafuta ubao. Mama Vitunguu anafagia.

"Mama, hapo umeshafagia."

"Najua."

Ufagio unaendelea palepale.

"Mwalimu mwanangu," anasema mwishowe, "nilikuwa naomba nione."

"Uone nini, Mama?"

"Ninachokipika."

Mwalimu anaweka kifutio chini. Anavuta kigoda mpaka kwenye hadubini, anakigonga kidogo kwa kiganja. "Kaa. Ila usisogeze jicho karibu sana, utaona kope zako."

Mama Vitunguu anashika meza. Anacheka mpaka ufagio unaanguka. "Hizo tumeshafahamiana," anasema.

Anainama. Mwalimu anazungusha kirungu cha pembeni taratibu, ukungu wa waridi unatulia.

Kwanza anaona kama sakafu ya vigae, chumba kando ya chumba, na katika kila chumba doa moja jekundu, kama mtu amelala amejikunja. Kisha anaona kuwa si wote waliolala. Hapa doa limefumuka, limekuwa nyuzi. Pale nyuzi zimejipanga katikati, foleni. Na kule pembeni kimoja kina mafungu mawili, yameachana, kila fungu limeelekea upande wake, ncha bado zinaangaliana.

"Kama watu wanaovuta kamba," ananong'ona.

"Ndiyo inagawanyika hiyo."

"Masikini. Kila mmoja atabaki na nusu."

"Hapana, Mama. Kabla ya kuachana kila uzi unajitengenezea mwenzake. Zote zinakuwa mbili mbili. Halafu ndiyo wanatengana, na kila mmoja anaondoka na seti nzima. Hakuna anayepunjwa."

Mama Vitunguu hajainua kichwa. "Sisi kwetu baba alipofariki tuligawana kwanza," anasema. "Nilipata mlango."

"Mlango?"

"Wa mbao. Kaka alipata nyumba."

Wanacheka wote wawili, kidogo, halafu wanaacha. Mama bado yuko pale kwenye kile chumba cha pembeni. Anasubiri. Anasubiri sana.

"Mbona hawamalizi?"

"Wamekufa, Mama. Ile dawa ya kwanza inawagandisha walivyo. Ukiangalia hata mpaka kesho, watabaki hivyo."

"Ile ninayomimina mimi?"

"Ile ile."

Anainua uso. Jicho lake la kulia limezungukwa na alama ya duara. "Kwa hiyo niliwakuta wanaagana," anasema polepole, "nikawaambia simameni hapo hapo."

Mwalimu anamwachia kigoda, na Mama anainama tena, anaangalia kwa muda mrefu, safari hii kama mtu anayeangalia picha ya ndugu.

Jioni anarudi nyumbani na kitunguu kimoja tu. Kilibaki dirishani, wembe haujakigusa, mizizi yake yote ipo. Amekibeba ndani ya kikombe cha maji, ameziba kwa kiganja njia nzima.

"Hicho tunakaanga?" anauliza kitinda mimba, kisu mkononi.

"Kiguse uone."

Nyuma ya jiko kuna kopo la rangi lililotobolewa chini. Mama analijaza udongo. Mpango wake ni kukiacha kikue mpaka kitoe ua, achukue mbegu, apande, na vitunguu vyake vikikomaa aweke chupa moja dirishani kwenye maabara, hata kama hakuna aliyeagiza. Mwalimu amesema dirisha halina mwenyewe.

Anakishusha kitunguu, anaitandaza mizizi, anairudishia udongo. Anaubonyeza kwa dole gumba, lile lile la kwenye vioo, ila safari hii hakandamizi.

"Humo ndani sasa hivi wanaachana," anasema kwa sauti ya chini.

Kitinda mimba anachuchumaa karibu, anainamisha uso mpaka kope zinakaribia udongo. "Mbona sioni?"

"Rudi nyuma," anasema mama yake. "Waache wamalize."