Sekunde tano za jembe: nilivyojifunza animesheni hapa Sumbawanga

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni binti wa Kasense, pembeni kidogo ya mji. Mwezi wa pili nilianza kujifunza animesheni kwenye kituo kimoja cha kompyuta hapa Sumbawanga. Wanafunzi nane, mashine nne, tunapokezana.

Siku ya kwanza mwalimu alichora mpira, akausogeza kidogo kidogo, akabonyeza kitufe.

Mpira ukadunda.

Wakuu, nilishika mdomo. Ulikuwa mduara tu, lakini ningeapa una roho. Kumbe sekunde moja inabeba picha ishirini na nne, jicho lenyewe ndilo linaziunganisha.

Sasa shughuli ikaanzia hapa. Mwalimu akatuambia watakaoendelea hatua ya pili ni wanne tu, kila mtu na mashine yake. Kipimo ni sekunde tano za mtu anayefanya kazi, na uzito wa kazi uonekane.

Nyumbani sina kompyuta. Nikikosa kiti, ndoto imeishia hapo.

Nikachagua mtu anayelima. Mtoto wa mkulima, nitashindwaje?

Nikatengeneza mwanasesere wa kijivu, hana macho wala pua, nikampa jembe. Siku nne nahangaika naye. Nikamrekodi kwenye simu, nikaenda kumtambia mama shambani.

Ilikuwa msimu wa intumba. Kwa msio wa huku: mvua zikielekea kuisha tunakata udongo pamoja na majani yake, tunaugeuza majani yakae chini, tunalundika tuta la duara. Majani yanaozea humo, yanakuwa mbolea.

Mama akatazama mara mbili. Akaniuliza kama huyu mtu anaumwa.

Halafu akasema, "Majani kayaacha juu, wiki ijayo yameota tena. Na hilo jembe analipeleka kama anafukuza inzi."

Iliniuma, sifichi. Nimekulia kwenye intumba, halafu nimemlimisha mtu wangu kama wale wa video za mtandaoni.

Nikamwomba alime nimrekodi. Alinicheka kwanza, akakaza khanga, akalima.

Kesho yake kituoni nikaipitia ile video picha moja moja. Hapo ndipo nilipoingiwa na kitu kama woga.

Mama hanyanyui jembe kwa mikono. Anaanza na kisigino cha kushoto, kinafuata kiuno, kisha bega. Mikono inakuja baadaye, jembe linafika la mwisho kabisa.

Na kabla hajageuza donge, anatulia. Robo ya sekunde hivi. Kisha goti linasukuma mpini, donge linalala majani chini.

Miaka yote hiyo nimelima nyuma yake, hiyo robo sikuwahi kuiona!

Nikahamishia kila kitu kwa mwanasesere. Nilipobonyeza kitufe, wenzangu waliacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yangu. Kile kidude cha kijivu kilikuwa kinalima kweli.

Jumamosi mwalimu akaitazama mara tatu, akasema kiti kimoja ni changu. Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

Jioni nikampa mama simu bila kumweleza chochote. Nilikuwa nasubiri ajitambue.

Aliitazama. Ikaisha, akataka irudiwe. Akakaa chini. Aliongea Kifipa, nawawekea kwa Kiswahili:

"Huyu ni mama yangu. Umemtoa wapi?"

Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Hakuwahi kupigwa picha hata moja.

Mama alijifunza jembe akiwa nyuma ya bibi, kama mimi nilivyojifunza nyuma ya mama. Wala yeye hakujua kwamba amembeba mwilini miaka yote.

Nilichojifunza: kabla hujakimbilia kuiga vya mbali, kaa umtazame vizuri mtu wa nyumbani kwako anavyofanya kazi. Kompyuta haikuumba kitu, ilinipunguzia mwendo wa jembe tu nikaona.

Haya, niambieni na nyie. Kwenu kuna nani anayepika, anayetembea au anayelima kama mtu ambaye hayupo tena? Nitasoma zote, ila nikichelewa kujibu mnivumilie. Natumia kompyuta ya kituoni, simu bado anayo mama.