Wifi Akisimama, Pikipiki Inaanguka

Saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa, mwanamke mnene wa makamo amekaa nyuma ya pikipiki ambayo haiendi popote. Tairi la mbele halipo. Pikipiki imesimamishwa kwa stendi yake ya kati juu ya kipande cha ubao, katikati ya ua wa saruji, na kinachozuia pua yake isianguke ni uzito wa mwanamke huyo.

"Kazi yangu ni kukaa," anasema. "Wengine wamesomea zao, mimi yangu nimejaliwa."

Anayecheka mbele yake, amepiga magoti, oili imempanda hadi viwikoni, ni mke wa kaka yake. Mtaani wanamwita Mama Mikate. Kwa miaka sita amekuwa akiichukua mikate kiwandani na kuisambaza madukani kwa pikipiki hii, kila siku isipokuwa Jumapili. Yeye na mwanamke aliyekaa nyuma wanaitana wifi, na wanataniana tangu chai ya asubuhi.

Mikate ndiyo inayoendesha nyumba. Mume wa Mama Mikate ni dereva wa malori ya safari ndefu, na nyumbani huonekana kila baada ya miezi miwili. Anachotuma hulipa kodi ya nyumba. Chakula, umeme na ada ya shule hutoka kwenye kreti la mikate linalofungwa nyuma ya pikipiki.

Kreti hilo sasa liko mashakani.

Shokapu za mbele, ile miguu miwili inayoshika tairi na kumeza mashimo ya barabara, zilianza kuvuja mwezi uliopita. Oili ikipungua ndani yake, hakuna tena cha kuzizuia zisizame. Mama Mikate akishika breki, pua inashuka ghafla, inagonga mwisho, na kreti linarushwa mbele. Mikate ya chini inabondeka.

"Mkate ukishabondeka hauna dawa," anasema. "Uubembeleze utakavyo, mteja anauona kama umekaliwa."

"Usinitazame mimi," wifi anasema.

Mikate imerudishwa mara mbili. Mwenye kiwanda amemwambia kuwa ikirudi tena, njia yake atapewa mtu mwenye gari. Alipopigiwa simu kuthibitisha hilo, mwenye kiwanda hakuzungusha maneno.

"Namheshimu sana yule mama," alisema. "Lakini wateja wangu hawali heshima. Nitaangalia mzigo wa kesho Jumamosi."

Kupeleka pikipiki gereji ni jambo alilokwisha kulijaribu. Miaka miwili iliyopita alilipia kubadilishiwa sili, yaani zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke kwenye shokapu. Zilipovuja tena alifungua mwenyewe, akakuta ni zilezile za zamani. Zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni. Tangu siku hiyo kazi inafanyika uani, kwa maelekezo ya mume kwenye simu.

"Nusu ya anayoniambia ni kweli," anasema Mama Mikate. "Shida ni kujua nusu ipi."

Kigumu zaidi kilikuwa kuinua pua. Hawana jeki ya pikipiki. Walijaribu kupakia nyuma mawe kwenye mfuko wa saruji, mfuko ukachanika. Walijaribu ndoo za maji, zikayumba. Siku moja wifi, ambaye alihamia kwa kaka yake baada ya kibanda chake cha nguo kubomolewa kupisha barabara, alikaa nyuma ya pikipiki ili apumzike kidogo. Pua ikainuka yenyewe.

Tangu hapo amekalia pikipiki hii kuliko abiria yeyote, na hajawahi kwenda nayo hata hadi getini.

"Ikitembea ni chombo cha kuniua," anasema. "Ikisimama ni kiti."

Kukaa huku kuna sharti moja. Mwezi uliopita, tairi likiwa limetolewa, simu ya wifi ililia mapajani mwake. Akasimama kuipokea, kama mtu yeyote. Mama Mikate alikuwa anavuta shokapu kwenda chini. Pikipiki ilimfuata, ikatua kwenye saruji, ikavunja taa na kupinda bamba la kuzuia matope. Ilipita karibu mno na goti lake.

"Aliniuliza, 'Wifi, umeumia?' huku anaongea na simu," Mama Mikate anakumbuka. "Akamwambia wa upande wa pili, 'Subiri kidogo, nimeangusha kitu.'"

Sasa simu hukaa dirishani, mbali na mkono. Leo sharti hilo ni zito. Binti pekee wa wifi yuko hospitali tangu asubuhi akisubiri kujifungua, ujauzito wake wa kwanza. Mama Mikate alipendekeza simu iwekwe karibu. Aliyekataa ni wifi.

"Najijua mimi," alisema. "Iweke kulekule."

Kazi inaendelea. Mama Mikate anachomoa mguu wa kulia, anamwaga oili nyeusi kwenye beseni, kisha anaing'oa sili kwa bisibisi aliyoifunga kitambaa ili isikwaruze chuma. Sili hii aliiweka mwenyewe wiki tatu zilizopita, ikiwa mpya kabisa. Bado imevuja. Anaigeuza kwenye mwanga. Ina mkato mwembamba upande mmoja.

Anaacha sili na kuanza kupitisha ukucha juu ya bomba la shokapu, kutoka juu kwenda chini, polepole. Ukucha unakwama. Kuna kovu dogo la kutu, kama punje ya chumvi, mahali ambapo bomba huingia na kutoka kila pikipiki inapopita kwenye shimo.

"Kumbe ni wewe," analiambia bomba. "Na mimi nimekaa kulaumu sili."

Analisugua kwa msasa laini uliolowekwa kwenye oili, mpaka ukucha unapita bila kukwama. Kisha anaufunika mdomo wa bomba kwa kipande cha mfuko wa nailoni ili sili mpya isikatwe inapovishwa. Oili anaipima kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, kwa sababu ina alama. Miguu yote miwili lazima ipate kiasi sawa, la sivyo pikipiki huvuta upande.

"Hiyo chupa mjukuu wangu asije akaiona," wifi anasema.

"Hii ilikuwa ya mama yake. Imeikuza shokapu hii kama ilivyokukuzia binti."

Simu ililia saa kumi na robo.

Mguu wa pili ulikuwa nusu ndani ya vibanio vinavyoushika chini ya usukani, haujakazwa. Mama Mikate alikuwa ameubeba kwa mkono mmoja huku akitafuta nati kwa mkono mwingine. Angeuachia, ungeteleza na kupiga saruji. Wote wawili waliangalia dirishani. Simu ililia mpaka ikakatika.

"Endelea," wifi alisema.

Ikalia tena. Wifi aliingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake, akavikalia. Spana ilisikika ikizunguka, na simu, na spana. Nati ilipokamata, Mama Mikate alikimbia dirishani, akafuta kidole kwenye gauni, akaipokea na kumshikia wifi sikioni, spika imewashwa.

Alikuwa mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sema."

"Amejifungua. Wa kike. Wote wazima."

Wifi aliuliza, "Mnene?"

"Mnene sana, mama."

"Basi huyo wetu."

"Mama, uko sawa? Umekaa?"

"Nimekaa, baba. Siwezi kusimama."

Mkwe alidhani ni furaha, akamwambia apumzike, akakata simu. Mama Mikate alipasua kicheko, kisha akaacha, kwa sababu machozi yalikuwa yakimtoka wifi na kudondoka kwenye siti, naye hakuinua mkono kuyafuta.

"Nishushe pikipiki uende?" aliuliza. "Nitamalizia baadaye."

"Niende nikamwone na nini, wakikunyang'anya mikate?" wifi alisema. "Weka tairi."

Aliweka tairi. Wifi aliposhuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi, na Mama Mikate alimshika mkono hadi mlangoni. Daladala alizosubiri kwenda hospitali zilikuwa zimejaa, na muda wa kutembelea wagonjwa ulipita akiwa kituoni. Alirudi nyumbani bila kumwona mjukuu.

Jumamosi, kreti lilitoka kiwandani likiwa limejaa. Mwenye duka la mwisho kwenye njia, ambaye ndiye aliyerudisha mikate mara zote mbili, aliingiza mkono chini kabisa na kutoa mkate wa tabaka la mwisho. Aliuzungusha. Aliubonyeza kwa kidole, ukainuka tena.

"Leo umekuja kwa miguu?" alimuuliza Mama Mikate.

"Nimekuja kwa wifi," alijibu.

Hakuna mkate uliorudishwa. Mwenye kiwanda alithibitisha mchana huo kwamba njia inabaki ilivyokuwa. Mama Mikate anasema akijaliwa atachongesha stendi ya chuma ya kuinulia pua, ili wifi yake apate kupumzika.

"Nani kakwambia nimechoka?" wifi alisema.

Alikuwa amesimama kando ya pikipiki, amevaa kofia ngumu iliyombana mashavu, mfuko wa nguo za mtoto kifuani. Aliizunguka mara moja. Aliinama kuzitazama shokapu zote mbili na kupitisha kidole chini ya sili. Kidole kilitoka kikavu.

Saa nane mchana pikipiki ilitoka getini. Wifi alikuwa nyuma, amemkumbatia Mama Mikate kiunoni, macho ameyafumba. Kwenye shimo la kona, pua ilizama taratibu, ikainuka, wakapita.