Batobato Kwenye Kitalu cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kaliua, hakuamini kitu mpaka akiguse. Kila asubuhi aliingia kitaluni na sigara aliyoisokota mwenyewe kwa gazeti, akapita tuta kwa tuta akipapasa miche ya tumbaku kama mganga anayepima homa. Akina mama waliokuwa wakimwagilia walimwamkia. Aliitikia marahaba bila kugeuka. Mimi nilikuwa bibi shamba wao, mtaalamu wa kilimo niliyetoka chuoni juzijuzi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumfuata nyuma nikitikisa kichwa kukubali.

Msimu ule majani yakaota mabaka ya kijani na manjano, yakajikunja. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akatangaza hujuma. Alilaani kupe na vibaraka wa mabepari mpaka sauti ikamkauka, kisha akamtaja mhujumu: mzee muuza chumvi kutoka Tabora mjini, aliyelala kijijini na baiskeli yake. Mgambo walikwisha kumfungia ofisini. Nilikuwa nimempelekea maji kabla ya mkutano, akaniambia hajawahi hata kukiona hicho kitalu.

Ndipo nikasimama mkutanoni. Nikaeleza kwamba huu ni ugonjwa wa batobato, na unaletwa na kirusi, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kila seli ya jani ina jeni zake, yaani maagizo, na ina mitambo inayotengeneza protini kwa kuyafuata. Kirusi hakina mtambo hata mmoja. Hupenya penye mkwaruzo na maagizo yake mwenyewe, mitambo ya jani ikayasoma ikidhani ni ya nyumbani. Maagizo ya jani lenyewe hufifizwa, yakiwemo yale ya kutengeneza ukijani, na seli inabaki kufyatua virusi vipya.

Mwenyekiti alifurahi sana.

“Kwa hiyo anaingia nyumba ya watu, anawaamrisha wafanyakazi wao, wanamzalia yeye?”

“Ndiyo, ndugu mwenyekiti.”

“Huyo ni bepari. Anaingiaje?”

“Kwa mikono,” nikasema. “Hasa mikono ya mvutaji. Kirusi hakifi ndani ya tumbaku iliyokaushwa. Anasokota, kisha anashika miche.”

Hakuna aliyecheka. Akina mama waliviangalia tu vidole vya mwenyekiti vya rangi ya kahawia, wote kwa pamoja, na kwa muda mrefu.

Muuza chumvi aliachiwa jioni ileile, bila kuombwa radhi. Miche tuliing'oa tukaichoma, tukapanda upya mahali pengine. Nilishauri kila anayeingia anawe kwa maziwa, kwa kuwa hudhoofisha kirusi. Mwenyekiti alipitisha azimio kwamba wageni wote watanawa. Yeye, alisema, si mgeni. Kesho yake alimkuta mkewe mlangoni mwa kitalu, ameshika bakuli la maziwa.

“Baba watoto,” alisema mama yule taratibu, “nawa, au rudi nyumbani.”

Alinawa. Sigara aliiacha nje, juu ya jiwe.

Miche ya pili ilistawi. Wakubwa wa mkoa walipokuja kuiona, mwenyekiti aliwahutubia juu ya kirusi bepari aliyeshindwa na siasa safi, wakampigia makofi, akapewa cheo cha kusimamia tumbaku ya vijiji vitatu. Mimi nilipewa uhamisho kwenda Ziba, kwenye ng'ombe na pamba. Nikaambiwa kwamba lugha yangu mkutanoni ilikosa adabu. Mke wa mwenyekiti alinisindikiza mpaka stesheni, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando. Tulikunywa pamoja tukisubiri treni, tukimsema mumewe.